Mama Alipiga, Parfait Akasema Kweli

"Nilikuambia useme uliokota simu—"

"Sikuiokota, sheri wangu, ulinipa mukononi—"

"—uliiokota sokoni, basi!"

"—na ulikuwa mbele yangu unakula sambusa!"

Divine akapiga mashini ya kushona ngumi. Upande wote wa mafundi, soko ya Kamembe, ngambo ya mupaka na Bukavu, ukanyamaza ili usikie vizuri.

Mama yake, Maman Marguerite, muuza vitenge wa Bukavu, alimukataza kuolewa na fundi. Divine akamudanganya kwamba walishaachana. Sasa maman amepiga simu ya Divine, Divine akamupa fundi wake ajibu, na Parfait, mwenye tangu abatizwe anakataa uongo hata wa kumufurahisha mteja, amejibu: "Eko hapa, maman. Ananiambia niseme nimeokota simu."

"Anavuka mupaka sasa hivi! Atanirudisha Bukavu!"

"Nitaongea naye."

"Wewe? Siku ya kwanza uliniambia ile robe inanifanya kama gunia ya viazi!"

"Na ulirudi."

"Nilirudi kukutukana!"

"Kila siku?"

Divine akauma mudomo asicheke. Robe ya manjano aliyovaa, Parfait ndiye aliishona. Ilimukaa kama ngozi.

Pikipiki ikasimama. Maman Marguerite akashuka, kitambaa cha kichwa kimelala upande, jasho kwenye shingo.

"Parfait ni wewe?"

"Ni mimi, maman."

"Muliachana?"

Divine akamukazia macho: sema ndiyo, tafazali. Parfait akamugeukia maman.

"Hapana, maman. Hata siku moja. Ninamupenda."

"Ni mie nilikudanganya, maman," Divine akasema mbio, machozi karibu. "Yeye alikataa. Unisamehe."

Maman akamutazama fundi toka viatu mpaka kichwa. Halafu akajiangusha kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Yesu wangu! Bantu wote wananiambia beko njiani, kumbe beko kitandani. Mwenye kusema kweli kama huyu namutoa wapi?"

Divine akashusha pumzi.

"Lakini sikupiga simu sababu yenu." Maman akapunguza sauti, akatengeneza kitambaa, aibu kama ya binti. "Kuko mwanaume wa hapa karibu, Gihundwe, jina Mugabo. Anataka kunioa. Anasema ni mujane, anasali. Parfait, mwanangu, uende kwake, umwambie kabisa ni mie nimekutuma, umuulize yote, unirudishie kweli. Akiwa muzuri, ushone nguo za harusi za bantu bane: nyinyi wawili na sie wawili."