Chakula Kilicholipiwa Kabla ya Njaa

Nikuulize wewe unayesoma, na unijibu kimoyomoyo: umewahi kula huku umeshiba, si kwa sababu chakula ni kitamu, bali kwa sababu kimeshalipiwa? Kama umewahi, kaa karibu. Kama hujawahi, kaa karibu zaidi, maana haya yanaweza kumpata yeyote mwenye familia anayoipenda na simu mkononi.

Kwetu ni Kentucky, Marekani, katika mji mdogo ambao lori likipita barabara kuu vikombe vinagongana kabatini. Naishi na mwanangu Dustin, mkewe Marcy, na mjukuu wangu Delaney, mwenye umri wa miaka minane. Dustin ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akiondoka Jumatatu, kumwona Ijumaa ni bahati. Mara nyingi tunamwona Ijumaa ya wiki nyingine, naye ana macho mekundu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano alikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa natoa mikate midogo ya moto kwenye jiko, Marcy anakoroga mchuzi mweupe wa soseji, na jua limeingia mpaka chini ya meza. Delaney alikuwa amesimama juu ya viatu vya babake, yaani miguu yake juu ya miguu ya babake, wanatembea hivyo jikoni kama mnyama mmoja mwenye vichwa viwili. Tulikuwa na amani, jamani. Ningejua, ningefunga mlango.

"Mwezi ujao tunakwenda Florida," Dustin akasema. "Sote. Wiki nzima, pale Ziwa la Taa, kwenye bustani ya michezo."

Delaney hakupiga kelele. Alikwenda kwenye friji, akagusa picha iliyobandikwa pale kwa sumaku. Ni picha yake akiwa na miaka mitatu, kwenye bustani hiyohiyo ya michezo, amepanda mabegani mwa babake na kukamata nywele zake kwa mikono miwili. Nyuma yao boti zimewashwa taa za kila rangi, zinapita ziwani.

"Boti bado zinapita jioni, Baba?"

"Kila jioni, kipenzi."

Akamsogelea babake, akajipima. Kichwa kilimfika kifuani. Kisha akaja kuninong'oneza, "Bibi, mimi bado mwepesi?"

"Mwepesi, mjukuu wangu," nikamwambia. Nilijua anauliza nini. Mwakani, akibebwa, miguu ya mtoto huyu itaburuzika chini, na mtoto naye alijua. Babake hakusikia. Alikuwa ameshainamia simu.

Alichokuwa anakitazama ni mpango wa chakula. Unalipa kabla hujatoka kwenu, unapewa bangili ya mpira, na kila mtu kwa kila siku anapata mlo wa kukaa mezani, mlo wa kaunta, vitafunwa, na kikombe cha soda cha kujaza tena na tena. Ukitaka kula, unagusisha bangili kwenye mashine, inalia kidogo, basi. Pochi haitoki mfukoni. Ila masharti yake, wote mnaolala chumba kimoja lazima mnunue, hata kikongwe kama mimi ninayekula mkate mmoja wa kubanika na kuridhika. Na meza lazima uziwekee nafasi mapema, kila moja na saa yake.

"Dustin," Marcy akamwambia, "Mama hali. Delaney hali. Mimi nikiwa kwenye joto sili. Huo mpango ni wa nani?"

"Ni wa sisi kutoulizana bei. Nataka mwanangu akitaka kitu, asisikie hapana."

Mimi nilijua neno hilo limetoka wapi. Marehemu mume wangu, Harlan, alikuwa akimpeleka Dustin kwenye maonyesho ya wilaya kila mwaka, na kila mwaka walikula mikate baridi wakiwa wamekaa nyuma ya gari, na harufu ya nyama choma inatoka upande wa pili wa ua. Mtoto hasahau harufu. Kwa hiyo msimchukie mwanangu. Aliyoyafanya, aliyafanya kwa upendo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Tukafika. Siku ya kwanza, mchana, tumekaa kwenye meza yenye vitambaa. Delaney akasema anataka makaroni na jibini.

"Hapana," Dustin akasema. Neno lilelile! "Agiza steki, au kamba. Makaroni ni vidola vichache, tukiyachukua tunapunjwa."

"Lakini sipendi steki, Baba."

"Onja tu. Imeshalipiwa."

Marcy akacheka kile kicheko cha pua. "Hongera, bwana. Umelipa hela ili mtoto asichague."

Mtoto akatafuna steki kama anatafuna mkanda. Mimi mwenyewe nililetewa sahani ya kamba wakubwa, wamenikodolea macho, na pai ya ndimu pembeni. Nilikula kamba wawili. Dustin akala waliobaki, akamaliza na steki ya mtoto, kisha akakaa ameshika tumbo huku jasho linamtoka.

Meza ya jirani walikuwa baba na mama na wavulana watatu wenye shingo nene, wachezaji mpira kwa kuwatazama. Walisafisha kila sahani, wakaomba mikate zaidi, wakacheka muda wote. Nawataja kwa sababu sitaki mniambie nimeonea mpango. Kwa wale wavulana, mpango ule ulikuwa halali kabisa. Ungewanunulia kila sahani kwa bei yake, ungerudi kwenu kwa miguu. Ila sisi si wale. Hiyo ndiyo taabu yangu yote: Dustin alinunua chakula cha familia nyingine.

Jioni ile tulikuwa na meza upande wa pili wa bustani, saa ileile ya boti. Tulisikia muziki wa boti kupitia ukutani. Delaney aliinua kichwa, akaweka uma chini.

"Kesho," babake akasema kabla hajaulizwa. "Hii meza niliiweka tangu mwezi uliopita, na tusipotokea wanatukata hela."

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Tulipanga foleni ya ile treni inayopanda juu na kuporomoka, foleni iliyozunguka mara sijui ngapi, mpaka nyayo zangu zikawaka. Tulipokaribia kabisa, Delaney akihesabu vichwa mbele yetu, simu ya Dustin ikalia. "Meza!" akasema. "Tunachelewa meza!"

"Wewe una wazimu?" Marcy akamaka mbele ya watu. "Tumebakiza hatua mbili!"

"Tumeshalipa, Marcy!"

"Na hii foleni hatujailipa? Kwa miguu ya mama yako?"

Tukatoka. Watu wakatupisha, wakitutazama kama tunaotoka kanisani katikati ya ibada. Mvua ya radi ya kila alasiri ikatukuta njiani, tukaingia hotelini tumelowa chapachapa, tukala ubavu wa ng'ombe hatuna njaa. Marcy alikuwa ameficha mikate ya siagi ya karanga mkobani. Delaney akamwomba kipande chini ya meza. Babake akaona. "Marcy, tafadhali. Tunatupa hela." Mkate ukarudi mkobani.

Siku ziliendelea hivyo. Asubuhi paja la bata mzinga kubwa kama rungu, mchana kamba, jioni meza. Usiku mtoto akalalamika tumbo. Nikamsugua mgongo, nikamchemshia maji. Mara tatu nilimwambia mwanangu, kwa upole: "Mwanangu, mtoto anataka zile boti, akiwa nawe." Mara tatu akanijibu: "Siku ya mwisho, Mama. Siku ya mwisho sijaweka meza. Jioni yote ni yake."

Na kweli hakuweka. Jioni ya mwisho tulikuwa ziwani mapema, tumepata nafasi nzuri karibu na taa. Delaney alikuwa amefunga nywele vizuri na kuvua viatu vyake vyenye matope, ili asimchafue babake shati. Aliviweka chini, sambamba. Sitasahau vile viatu.

Ndipo Dustin akatazama simu. Zilikuwa zimebaki pointi za vitafunwa, yaani haki zilizo kwenye bangili, zile ambazo mimi na Marcy hatukuzila wiki nzima, na zingekufa siku ileile. Duka la peremende lilikuwa hapo nyuma.

"Narudi sasa hivi," akasema.

"Dustin, ziache zife," Marcy akamwambia. Safari hii hakupaza sauti. Alikuwa anasihi.

"Dakika tu. Ni zetu, kwa nini tuwaachie?"

Kumbe familia zote zenye bangili zilikuwa na tatizo lilelile, na zote zilikuwa dukani. Foleni ilifika mlangoni. Marcy akamfuata kumtoa.

Muziki ukaanza. Watu wakajipenyeza mbele yetu, wanaume wenye watoto mabegani, ukuta mzima wa migongo. Delaney akasimama kwa ncha za vidole. Nilijaribu kumwinua, nikashindwa, magoti yangu hayawezi kazi hiyo tena. Bwana mmoja mwenye kofia ya kuvulia samaki akageuka, akaona. "Binti, nikubebe uone?"

"Hapana, asante," akajibu kwa adabu. "Baba yangu anakuja."

Boti zikapita. Mimi niliona rangi tu zinacheza juu ya vichwa vya watu: kijani, nyekundu, buluu. Yeye sidhani hata hizo aliziona, kwa sababu muda wote alikuwa ametazama nyuma, upande wa duka.

Dustin akaja watu wakitawanyika, mifuko miwili imejaa chokoleti na peremende, uso unang'aa kwa ushindi. "Tumezimaliza zote! Haikubaki hata moja!" Kisha akatazama ziwa. Lilikuwa jeusi.

"Zimeshapita?"

"Asante kwa peremende, Baba," Delaney akasema, akainama kuvaa viatu vyake.

Heri angelia, ndugu zangu. Mtoto akilia una la kufanya.

Njiani kurudi, ndani ya joto la jimbo la Georgia, chokoleti ziliyeyuka nyuma ya gari zikawa tope moja na karatasi zake. Marcy alipiga hesabu kwenye simu yake, kila kitu tulichokula kweli kwa bei yake ya kawaida. Akamwonyesha mumewe. Tungelipa kila mlo kwa pochi, tungetumia kidogo kuliko mpango.

FUNZO

Nawaambia ninyi mlio na watoto, na ninyi mnaojiwekea akiba ya safari kama hizo. Mpango wa chakula si mbaya wala si mzuri. Kabla hujaununua, usiangalie picha za sahani. Angalia meza yako ya nyumbani siku ya kawaida. Nani anakula nini? Nani anaacha? Kama una wavulana wenye shingo nene wanaopenda kukaa mezani kwa muda mrefu, nunua, na mfurahi. Kama una mtoto wa makaroni na bibi wa mkate mmoja, beba mikate yako, omba maji ya baridi kaunta, wanayatoa bure, na ukitamani kitu kimoja kizuri, kinunue hichohicho, mkile mkiwa na njaa.

Na kama umeshanunua, basi hela imeshakwenda. Hairudi kwa kushiba. Ukila usichokitaka ili usipunjwe, unalipa tena, na safari hii unalipa kwa saa za watu wako. Pointi zikifa, ziache zife. Hazina mama wa kuzililia.

Nilitaka kuishia hapo, lakini ningekuwa sijawaambia ya Jumatatu.

Asubuhi ile lori lilikuwa limewashwa nje, vikombe vinagongana kabatini. Dustin alikuwa amevaa koti lake la safari. Kwenye meza kulikuwa na beseni la peremende, zile zilizonusurika joto, na hakuna aliyekuwa amegusa hata moja. Delaney alikuwa anakula makaroni yaliyopashwa moto, kwa utulivu, na kijiko chake cha zamani.

"Mbona huli peremende zako?" babake akamuuliza. "Zote ni zako."

"Sina hamu nazo."

Dustin akavuta kiti, akakaa. Lori likaendelea kunguruma. Nilimwona anatazama beseni, anatazama mtoto, kisha macho yakapanda mpaka kwenye friji, kwenye ile picha. Alipouliza, sauti ilimtoka kama ya yule mtoto aliyekula mkate baridi nyuma ya gari.

"Delaney. Wiki nzima sikukuuliza. Ulikuwa unataka nini?"

Mtoto akamaliza kutafuna. Akaweka kijiko chini, sambamba na sahani.

"Nilitaka unibebe mabegani, Baba," akasema, "kabla sijawa mzito."