Korongo wa Kotoha kwenye Njia Panda

Jumapili, tarehe tano Novemba. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, hata bahari haikuonekana kutoka dirishani.

Kotoha Washio, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka, akakunja godoro lake na kunawa uso. Mama yake alikuwa ameshaweka kibakuli cha wali mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani, penye picha ya babu. Kila siku wawili hao waliunganisha viganja na kufumba macho kabla ya kula. Siku hiyo Kotoha aliunganisha viganja, lakini hakupata la kusema. Kwa wiki mbili kuna jambo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mtaa wao uko bondeni, kati ya bandari na kilima. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, watu hufanya mazoezi ya kukimbia tsunami. Mwaka huu mwenyekiti wa mtaa, Mzee Onodera, aliwaomba wanafunzi wa darasa la sita watengeneze picha ya kutundikwa njia panda, ili mtu ajue pa kukimbilia. Kulia ni ngazi za kupanda kilimani. Kushoto ni bandarini.

Picha ya Kotoha ndiyo iliyochaguliwa. Alichonga kwenye ubao wimbi kubwa, na mbele yake kundi la korongo wakiruka. Hakuweka mshale. Korongo wenyewe ndio wangeonyesha njia.

Yeyote aliyewahi kuchonga ubao wa kuchapia anajua kwamba picha hutoka imegeuka. Ulichochonga kikitazama kulia, kwenye karatasi kitatazama kushoto. Kotoha alilijua hilo tangu darasa la tatu. Lakini kwa jioni tisa alizama katika kuchonga manyoya, unyoya mmoja mmoja, akasahau. Alipobandua karatasi kwenye ubao uliopakwa wino, korongo wote walikuwa wanaelekea bandarini.

Angesema siku ileile. Lakini ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kusema kungemaanisha kuanza upya. Akajiambia kwamba watu wa mtaa wanaijua njia tangu utotoni. Mwalimu aliisifu, mwenyekiti akaisifu. Ni Daigo tu, mwanafunzi mwenzake, aliyeinamisha kichwa na kuuliza kama korongo hao wanakwenda mnadani bandarini kununua samaki. Darasa zima lilicheka. Kotoha alimjibu kwamba mtu asiyeweza kuchora hata yai hana haki ya kusema.

Saa tatu king'ora kililia. Watu walitoka na mifuko yao mgongoni, wakapanda kilimani. Huko juu Mzee Onodera alianza kuita majina, nyumba kwa nyumba. Wote waliitika isipokuwa Bibi Tokiwa, mwenye miaka themanini na mmoja. Bibi huyo alikuwa amehamia kwa mwanawe mwezi mmoja tu uliopita, na mwanawe alikuwa baharini akivua. Jirani yake alisema bibi aliondoka mapema kuliko wote, akisukuma kigari chake cha kujishikizia, ili asiwacheleweshe wengine.

Watu walianza kutazamana. Ukungu ulikuwa mzito, na gati la bandari huteleza likilowa, tena halina ukingo.

Kotoha aligeuka kuutazama upande wa bandari. Akajipenyeza hadi kwa mwenyekiti.

"Yuko bandarini," alisema. "Korongo wangu wanaelekea huko. Nilijua tangu siku ya kuchapa, nikanyamaza."

Mzee Onodera hakumgombeza. Alikuwa tayari anashuka ngazi, na Kotoha akamfuata mbio. Njiani alipata yale maneno aliyoyakosa asubuhi. Aliomba bibi huyo awe mzima, basi, hilo moja tu.

Gatini hawakuona mbele zaidi ya hatua kumi. Wakasimama, wakatega masikio. Kengele ndogo ikalia kidogo kwenye ukungu, ile aliyoifunga Bibi Tokiwa kwenye kigari chake. Wakamkuta ameketi juu ya kreti la samaki, hatua mbili kutoka majini, ametulia kabisa.

"Mmechelewa," aliwaambia. "Leo kikongwe amekuwa wa kwanza."

Mzee Onodera alicheka mpaka akachuchumaa, akijifuta macho. Kotoha alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akainama na kueleza yote. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia asimame asije akapata mafua. Alikiri kwamba aliitazama picha ile mpaka viatu vikalowa, kwani ilimkumbusha korongo wa kinamasi cha kwao.

"Korongo hawana kosa, mwanangu," alisema. "Ila maji yangekuja kweli, mimi ningeyapokea mlangoni."

Baadaye watu walikusanyika katika ukumbi wa mtaa kunywa supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa. Fundi Fukase, mchora mabango, aliishusha ile picha, akaipangusa na kuilaza mezani.

"Kotoha, hii ni sanaa," alisema. "Mtu akisimama mbele yake kwa muda mrefu, umefaulu. Ishara ya njia ni kinyume chake. Mtu akisimama mbele yake kwa muda mrefu, umeshindwa. Sanaa huanzia moyoni mwako. Ishara huanzia kwa Bibi Tokiwa: hajavaa miwani, mvua inanyesha, na ana haraka. Hakuna iliyo bora kuliko mwenzake, ila usiipe moja kazi ya nyingine. Na kukosea, kila mchongaji hukosea. Kilichompeleka bibi bandarini ni kunyamaza kwako."

Wakatengeneza ishara mpya palepale. Ubao wa manjano, mshale mweusi wa kuelekea kulia, na mtu anayepanda ngazi. Kotoha alitaka kuongeza korongo mmoja mdogo pembeni. Fundi alimtazama tu, naye akaiweka brashi chini. Daigo alishika ubao mwisho wa ukumbi. Bibi Tokiwa alivua miwani, na kabla hajaulizwa akanyoosha kijiti chake cha chakula kuelekea kulia. Ukumbi mzima ukapumua. Kisha bibi akaomba ile picha ya korongo akaitundike chumbani kwake, mahali asipohitaji kukimbia.

Kotoha alisimama mbele ya wote. Aliinama kwanza kwa Bibi Tokiwa, halafu kwa Daigo, ambaye aliona haya akatazama supu yake.

"Naahidi mbele yenu," alisema, na safari hii sauti haikukwama. "Kila ishara nitakayochora, nitamwonyesha kwanza mtu asiyeijua njia. Na nikikosea, nitasema siku hiyohiyo."