Ukirudi Utaitwa

Jumatatu ile kadi zilizidi moja. Rukaiya, mkunga wa zahanati, alikuwa amewahesabu wajawazito kwenye mabenchi, ishirini na wawili, akaguna maana chai ya saa nne ilikuwa imeshaharibika. Mezani kadi zilikuwa ishirini na tatu. Hakulitilia maanani. Aliita jina, mtu akaitika, akaingia nyuma ya pazia, akapimwa, akatoka. Akachukua kadi ya saba.

"Naeku Lerionka."

"Abee," sauti ikajibu kutoka benchi la mwisho.

Hakuinuka mtu. Wanawake waligeuka wakatazamana. Ndipo Rukaiya alipoiangalia kadi vizuri. Naeku alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita, na mtoto wake tumboni.

Mwaka ule wa tisini na nne Arusha ilikuwa imejaa bidhaa utadhani hazijapata kuadimika. Sombetini peke yake maduka ya dawa yalikuwa manne, yote yakiuza glavu. Zahanati haikuwa nazo. Agizo lilishuka kutoka juu: mama anayekuja kujifungua aje na wembe, uzi, pamba na glavu zake, asiye navyo akavilete. Rukaiya hakulitunga agizo hilo, ila alilishika kuliko waliolitunga. Naeku alifika kwa miguu kutoka upande wa Kisongo, uchungu umeshamshika, ana vyote isipokuwa glavu. Mkunga hakuinua hata macho.

"Kadi iache hapa. Nenda kalete glavu. Ukirudi utaitwa."

"Sista, nimechoka."

"Wote wamechoka, mama."

Aliokotwa kwenye mtaro nyuma ya maduka, amekwisha kufa. Waliomwokota walisema mikono yake ilikuwa mitupu, na Rukaiya aliyang'ang'ania maneno hayo. Hata dukani hakwenda, alijiambia, ni ukaidi wake tu. Jumatatu ile, watu walipokwisha, kadi akaifungia kwenye droo.

Jumanne kadi ikawa mezani tena. Jumatano pia, na safari hii ilikuja na harufu ya moshi wa kuni, maziwa ya kibuyuni, na damu. Simaloi, mhudumu wa zahanati, alimvuta mkunga pembeni.

"Sista, hilo jina usilitaje," alinong'ona. "Kwetu marehemu haitwi."

"Mimi simwiti, Simaloi. Kadi ndiyo inakuja."

Alhamisi aliimwagia mafuta ya taa nyuma ya jiko akaiwasha. Moto uliruka ukamshika mikono yote miwili. Ijumaa asubuhi kadi ilikuwa juu ya nyingine zote, safi, haina hata doa la moshi, na vidole vya Rukaiya vilikuwa vimeanza kuvimba.

Jioni alikwenda Kaloleni kwa Sheikh Muzammil, mzee aliyezoea kutoa majini. Mzee alimsomea dua, akafika katikati, akafunga kitabu.

"Ulimwambia nini mara ya mwisho?"

Rukaiya alimwambia.

"Jini ningemtoa, mwanangu. Huyu ana miadi na wewe."

Jumatatu iliyofuata, saa sita mchana, mvua inanyesha, majirani walimleta Arafa, binti pekee wa Rukaiya, mimba haijatimiza miezi minane. Hakuna kilichokuwa kimeandaliwa. Mtoto alikuwa ametanguliza mguu mmoja. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa juu ya mawe tangu Januari, halina matairi. Ilibidi mkono uingie kumtafuta mtoto, na mikono ya Rukaiya ilikuwa inatoka usaha. Kumgusa mwanawe hivyo ilikuwa ni kumtilia sumu.

"Simaloi, glavu! Kimbia!"

Simaloi akakimbia. Rukaiya akabaki anasubiri, na katika kusubiri kule aliijua njia yote ya dukani hatua kwa hatua, lile tope la kona ya kwanza, duka lililofungwa, la pili ambalo mwenyewe ametoka kwenda kula, ule mtaro unaopaswa kuvukwa, na alijua mwenye uchungu angeipita vipi, ameshika tumbo kwa mkono mmoja, mvua inampiga, hana wa kumwambia pole, na huku nyuma mtu amekalia kadi yake na kunywa chai.

"Mama," Arafa akasema kwa sauti ndogo, "nimechoka."

Rukaiya alikwenda mezani. Kadi ilikuwa pale. Aliishika kwa vidole vyake vibovu akasimama mbele ya mabenchi yaliyokuwa matupu.

"Naeku Lerionka."

"Abee."

"Pita ndani, mama. Nilikosea. Nisamehe, pita."

Pazia lilisogea bila upepo, na nyayo zenye maji zikapita kwenye saruji, moja baada ya nyingine, nzito, nyayo za mtu anayetembea na mimba, na harufu ya moshi na maziwa ikajaa chumba kizima mpaka Arafa akageuza kichwa kutazama aliyesimama kando yake, na Rukaiya, aliyekuwa tayari kujitupa juu ya mwanawe amkinge, aliona kitu kikiwekwa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeleta, sista."

Ilikuwa pakiti ya glavu, haijafunguliwa, imetapakaa tope la mtaroni, imebonyea pale ilipokuwa imeshikwa kwa nguvu.

Kumbe alikwenda dukani. Kumbe alikuwa anarudi.

Rukaiya aliifungua huku analia kwa sauti. Alipozivaa, glavu zilikuwa na joto ndani, kama zimevuliwa sasa hivi na mtu mwingine. Mikono haikumuuma. Aliutafuta mguu wa pili akaupata, na baada ya muda mtoto wa kike akalia, mdogo lakini mkali.

Simaloi aliingia anahema, na pakiti mkononi. Alitazama glavu zenye damu, akatazama tope sakafuni, akaiweka pakiti yake mezani.

Usiku huo, juu ya jina la Arafa kwenye daftari la uzazi, Rukaiya aliandika: Naeku Lerionka. Alifika. Nilimrudisha.

Asubuhi kadi zilikuwa sawa na watu, ya Naeku haipo. Tangu hapo hakuna mama aliyerudishwa kwenye zahanati ile, hata barua za onyo zilipokuja. Lakini kila siku kadi zinapokwisha, Rukaiya humtuma Simaloi nje asije akasikia, akasimama mbele ya mabenchi na kuita jina moja zaidi, polepole, kwa heshima. Kisha husubiri.

Hakuna anayeitika.