Mtaa Usio na Mgonjwa

Majirani zangu, leo nimeweka kitana chini. Nywele zitasubiri. Nataka niwasimulie yaliyoikuta nyumba ya mwoka mikate, ile inayotazamana na kibaraza changu cha kusukia. Nitasimulia kwa moyo wa shukrani, ingawa kuna mahali nitakasirika. Mtanivumilia. Msusi akikasirika huvuta nywele, na bahati yenu leo sina kichwa cha mtu mkononi.

Asubuhi za mtaa wetu zilikuwa za amani. Jua likianza kuchungulia, mlango wa waoka mikate ulikuwa tayari wazi, na ndani yake Mama Mkate anakanda unga huku akiimba, mikono imekuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Hakuwa na sauti nzuri, tusidanganyane, lakini tulishaizoea, na siku akinyamaza tulikuwa tunauliza kulikoni. Mumewe tulimbandika jina la Tanuri, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya hasira zake: ukimgusa tu, umeungua. Ila mkewe alimpenda. Hilo nalisema mapema, maana mkisikia aliyoyafanya mtadhani alimchukia. Pamoja nao aliishi mdogo wake Tanuri, mwanamume wa miraba minne, mbeba magunia na mcheza mpira.

Ndipo ukaingia ule ugonjwa wa kifua uliokuwa umeenea duniani. Mtu alianza na kikohozi, akafuatia na homa, kisha pumzi ikawa ya kuitafuta. Muuguzi wa zahanati yetu, ambaye wote tunamwita Sista, akatuita uwanjani. Alipanda juu ya kiti, barakoa usoni, akasema bila kuzunguka.

“Ndugu zangu, vipimo ni vichache. Nilivyopewa vinatosha mtu mmoja kwa kila nyumba. Kwa hiyo nichagulieni mmoja, na nawaomba sana awe yule anayekohoa. Nyumba itakayokutwa na ugonjwa itafunga biashara wiki mbili, na chakula tutawaletea mlangoni. Dawa na mitungi ya hewa vitagawanywa kwa kufuata wagonjwa waliopatikana. Mtaa utakaoonyesha wengi utapata vingi.”

Hayo yote aliyasema kwa sauti moja. Lakini sikio la binadamu ni chujio, linapitisha linachotaka. Watu walirudi majumbani na neno moja tu: kufunga biashara.

Dirisha la Tanuri lilikuwa wazi, na mimi sikuziba masikio.

“Nitakwenda mimi,” alisema Mama Mkate. “Mimi ndiye ninayekohoa.”

“Wewe unakohoa vumbi la unga,” Tanuri akamkatiza. “Miaka yote unakohoa vumbi la unga.”

“Vumbi halijawahi kunitia homa, mume wangu.”

“Na tukifunga? Wateja watakwenda kwa yule wa mtaa wa juu. Wakishaonja mikate yake hawarudi hapa.”

“Kumbe mikate yetu ni mibaya kiasi hicho!”

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata katikati. Tanuri akamgeukia mdogo wake. “Wewe unajionaje?”

“Mimi? Kaka, mimi sijapiga hata chafya.”

“Basi utakwenda wewe.”

“Lakini shemeji ndiye…”

“Nimesema utakwenda wewe!”

Akaenda. Akaingizwa kijiti puani, akatoa machozi kidogo, majibu yakatoka: hana ugonjwa. Tanuri akachukua mkaa akaandika mlangoni kwa herufi kubwa, NYUMBA IMEPIMWA, NI SAFI. Wateja wakafurika. Na nyuma ya mlango ule safi, mwanamke mwenye homa aliendelea kukanda.

Mnadhani Tanuri alikuwa peke yake? Mtaa mzima ulijifunza kwake. Kila nyumba ilitoa aliye mzima kuliko wote. Ukiitazama foleni ya zahanati ungedhani wanasajili timu ya mpira, vifua mbele, mashavu yanang'aa. Nyumba moja, naona haya kusema, ilimpeleka mgeni aliyekuwa ameshuka na begi lake asubuhi ile ile. Sista alikuwa anauliza kila mmoja, “Nyumbani hakuna mwingine anayeumwa?” nao wanatikisa vichwa. Hakuwa na ruhusa ya kuingia vyumbani mwa watu kuhakikisha. Mimi naishi peke yangu, sikuwa na wa kumchagua, kwa hiyo nilipeleka pua yangu mwenyewe na nikaambiwa sina.

Ni nyumba moja tu iliyofanya kama ilivyoombwa, nayo ni ya Gundi, mshona viatu. Huyu bwana ni mkimya, mdomo wake mara nyingi umejaa misumari. Alimbeba mkewe mgongoni hadi zahanati, mama wa watu anahema kama aliyepanda mlima. Watu wa kwenye foleni wakamshangaa.

“Gundi, una watoto wazima tele nyumbani, kwa nini umemleta huyu?”

“Wewe ukija kwangu,” akajibu Gundi, “huwa unaniletea kiatu kilichotoboka au kile kizima?”

Wakacheka. Majibu yalipotoka kwamba mama yule ana ugonjwa, kicheko kikakauka, na foleni ikamkimbia, kila mtu na njia yake.

Hapo ndipo ninapokasirika. Siku chakula cha zahanati kilipochelewa, watoto wa Gundi walikwenda kununua mkate, wamesimama mbali kama walivyofundishwa, Tanuri aliwafokea mbele ya watu. “Rudini kwenu! Msituletee balaa, hapa ni pasafi!” Nilimwona mkubwa wao akimshika mdogo mkono, wakarudi bila kitu. Tangu siku hiyo nikawa nanunua mikate ya nyumba mbili, mmoja naula, mingine naiweka kizingitini kwa Gundi. Mama Mkate alijua, maana aliniongezea mmoja kila mara na kujitia hamnazo.

Baadaye gari la zahanati likaleta mtungi wa hewa kwa mke wa Gundi. Mtungi mmoja, kwa sababu mgonjwa alikuwa mmoja. Mtaa wa juu kila nyumba ilikuwa imempeleka anayekohoa, wakashushiwa mitungi gari zima. Sisi tuliwaonea huruma! Tukasema, masikini, wenzetu wamekwisha. Hata redioni tulisifiwa kuwa mtaa wa mfano, na mwenyekiti wetu akatembea wiki nzima akiwa ameinua kidevu. Wiki hiyo hiyo tulimzika mzee mtengeneza saa wa kona ya mwisho. Tuliambiwa ni uzee. Uzee gani, jamani, unaoanza Jumatatu na kuua Ijumaa? Lakini hakupimwa, basi hakuhesabiwa.

Kwa Tanuri maji yakazidi unga. Mama Mkate aliacha kuimba, kisha akaacha kusema, akawa anatumia ishara kuagiza chumvi na hamira. Siku moja mchana, mbele ya wateja, aliegemea meza ya kukandia, akateleza taratibu hadi chini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Wateja wakatoka mbio. Mimi nikavaa barakoa nikakimbilia ndani, na shemeji yake tukamkalisha, maana akilala pumzi ilikatika kabisa. Tanuri alikuwa ameshafika zahanati, na baada ya muda akarudi na Sista, wanabishana njiani.

“Haiwezekani useme huna mtungi! Zahanati nzima!”

“Sina, baba. Iliyokuja imekwenda kwenye wagonjwa, na yote ina watu.”

“Nipe wa mtaa wetu!”

“Mtaa wenu mlinionyesha mgonjwa mmoja, mkapewa mmoja. Hospitali kubwa imejaa, na hata ingekuwa na nafasi, kwa hali hii hafiki.”

“Sista, mke wangu anakufa!”

“Na mimi sikuwa na habari kama anaumwa,” akasema Sista. “Niliyempima mimi ni mdogo wako.”

Hakusema kwa kumkomoa. Alikuwa analia huku anamhesabia mgonjwa pumzi. Tanuri alimtazama mdogo wake, akamtazama mkewe.

Kisha akatoka. Nilimwona kupitia mlango ule wenye maandishi ya mkaa, anavuka barabara kwenda kwa Gundi. Alisimama mikono imelegea mbele ya kibanda cha kushonea, ambamo Gundi, biashara ikiwa imefungwa, alikuwa anagonga viatu vya wanawe. Watoto aliowafukuza walikuwa pale pale, wakajivuta nyuma ya baba yao.

“Gundi,” akasema. “Mke wangu.”

Gundi akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja mmoja, na mimi roho ikawa juu juu, maana alikuwa na haki ya kusema mengi, na mtaa mzima ulikuwa madirishani kumsikiliza.

“Bado anapumua?” akauliza.

“Kidogo sana.”

Gundi akageuka kuita ndani, lakini mkewe alikuwa ameshasikia. Sauti yake ikatoka dhaifu ila kali. “Uchukueni! Mimi tangu jana nimeshinda bila huo mpira puani. Mnasimama kusalimiana wakati mtu anakufa?”

Sista akakimbia kumkagua kwanza, kwa sababu kumwokoa mmoja kwa kumuua mwingine si uuguzi. Akaona kifua chake kimetulia, akaitikia kwa kichwa. Basi Gundi akashika mtungi juu, Tanuri akashika chini, wakavuka nao barabara, wanaume wawili ambao hawakuwa wamepeana salamu tangu majibu yatoke.

Mpira ulipowekwa puani mwa Mama Mkate, sote tulitega masikio. Sikuamini kwamba mtu anaweza kuipenda sauti ya hewa inayopita kwenye mpira. Rangi ya midomo ikaanza kurudi. Sista akampima hapo hapo kwa kipimo alichokuwa amekiweka kwa dharura, na majibu mnayajua. Akatazama mshale wa mtungi. “Huu utamfikisha jioni,” akasema. “Naagiza mwingine sasa hivi, kwa sababu sasa nina mgonjwa wa kumwagizia. Lakini wapo wangapi humu mtaani? Niambieni ukweli nijue naagiza mingapi.”

Tanuri akavua shati lake, akafutia yale maandishi mlangoni hadi mbao ikabaki nyeusi tupu. Halafu akaingia barabarani na sauti yake ile ile ya kufokea.

“Majirani! Nilidanganya! Mke wangu ndiye aliyekuwa anaumwa, nikampeleka mdogo wangu! Mwenye mgonjwa ndani amtaje sasa, mitungi inaagizwa! Msisubiri hadi mlie kama mimi!”

Mwanzo milango ilibaki imefungwa. Kisha ukafunguka mmoja, akatoka mama anamshika mumewe. Ukafunguka wa pili, wa tatu. Walikuwa wengi, ndugu zangu. Kumbe usafi wetu wote ulikuwa umelala vitandani unakohoa. Sista akawakagua vifua mmoja mmoja, akapiga simu akitaja idadi, na upande wa pili walimwuliza mara mbili kama wamesikia vizuri ni mtaa gani. Kabla ya jioni gari likafika limejaa. Siku iliyofuata redio haikutusifu tena, ilitutaja miongoni mwa mitaa iliyoathirika vibaya, na sijawahi kufurahia habari mbaya kama ile.

Si wote waliopona. Wawili walikuwa wamechelewa mno, na siwezi kuwaambia kwamba mtungi unamfufua mtu. Lakini wengi walipona, na Mama Mkate akawa mmoja wao. Alipopata ruhusa ya kutoka, safari yake ya kwanza ilikuwa kuvuka barabara. Alitembea polepole, mumewe nyuma yake na kapu la mikate, uso umeinama. Mke wa Gundi alikuwa amekaa mlangoni anaota jua.

“Dada,” akasema Mama Mkate, “nimekuja kukushukuru, na hata hii pumzi ninayokushukuru nayo ni yako.”

Akaanza kulia.

“Basi usiimalize yote kwa kulia,” akajibu mwenzake. “Kaa hapa.”

Wakakaa. Tanuri akapiga magoti mbele ya wale watoto, akawapa kapu kwa mikono miwili, akasema, “Wanangu, nisameheni.” Mkubwa alimtazama baba yake. Gundi, misumari mdomoni, akaitikia kwa kichwa, na mtoto akapokea.

FUNZO LA HADITHI HII

Ugonjwa hauondoki kwa kutotajwa. Kinachoondoka ni msaada, maana msaada huenda kule aliko mgonjwa aliyejulikana, na asiyehesabiwa hahudumiwi. Vipimo vikiwa vichache, kila kimoja ni amana: ukikipeleka kwa mzima ili upate sifa, umemnyang'anya mgonjwa, na mgonjwa huyo anaweza kuwa unayelala naye kitanda kimoja. Wala tusimtenge anayejitokeza, kwa sababu tukimtenga mmoja tunawafundisha wengine kujificha. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nasi tulilisikia neno hilo tangu utotoni na bado tukaficha.

Katika mtaa mzima, nyumba moja ilisema kweli, na kweli yake ilileta mtungi mmoja, na mtungi huo ukatosha kumweka hai mtu hadi sisi wengine tulipopata akili. Mke wa Gundi, mama yangu, najua unanisikia hapo mlangoni. Ulihesabiwa peke yako kwa niaba yetu sote. Asante.