Kamba Iliyorudi Bila Clem

Mwenye kisa ni Edna Hollins. Mimi sikumkuta hai, lakini Dilys, jirani yangu wa ukuta mmoja, alifanya naye kazi katika kiwanja cha ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Dilys hakuwa mtu wa kuongopa hata kuhusu umri wake. Alinisimulia mara moja tu. Sijawahi kumwomba arudie.

Ilikuwa Septemba njema, jua la kuanikia nguo. Edna na Dilys walikuwa askari wa kike katika kiwanja cha ndege magharibi ya Oxford, na kazi yao ilikuwa kamba. Glaida, ujue, ni ndege ya mbao isiyo na injini. Inajazwa askari, inafungwa kamba, inavutwa na ndege kubwa mpaka kwa adui, kisha inaachia na kushuka kimya kimya. Kamba hiyo ilizungushiwa waya wa simu ili rubani wa mbele na wa nyuma wasemezane. Kila kamba ilipofungwa waya, Edna na Dilys waliilaza uwanjani, huyu kichwani huyu mkiani, wakavaa visikilizio vyenye kipaza sauti na kuongea mpaka waridhike kwamba waya ni mzima. Maongezi yenyewe hayakuwa ya kijeshi. Dilys alizoea kumsengenya mpishi.

Clem, mume wa Edna, alikuwa rubani wa glaida. Kabla ya vita aliuza maziwa kwa gari la farasi huko Bolton, na wenzake walimtania kwamba kazi ni ile ile, amebadilisha farasi tu. Ndoa yao ilikuwa ya Juni, bado mbichi. Asubuhi ya safari ya Uholanzi alipita kwenye banda la kamba na kikombe chake cha chai, akamuuliza mkewe kama kamba yake kaifunga yeye. Edna akasema ndiyo. Clem akamaliza chai, akampa kikombe, akaenda.

Alasiri ndege za kuvuta zilirudi. Tovey, rubani aliyemvuta Clem, hakwenda kula wala kutoa ripoti. Alikuja moja kwa moja bandani, kofia mkononi. Alisema waliingia katika wingu zito juu ya bahari, kamba ikakatika, na walipotoka upande wa pili nyuma hapakuwa na kitu. Boti zilitafuta. Hata ubao mmoja haukuonekana. Akabaki amesimama pale, mtu mzima hajui aweke wapi mikono yake, mpaka Dilys akamwambia aende akapumzike.

Edna hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Dilys. Aliambiwa aende likizo kwa mama yake, akakataa. Alisema Clem akirudi atamtafutia pale, si Bolton. Barua ya serikali ilisema hajulikani alipo, na Edna alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Asiyejulikana alipo si maiti.

Kile kipande cha kamba kilichorudi na ndege ya Tovey kilikuwa kimetupwa nje ya banda. Desturi ilikuwa kujaribu waya wake, kwani ukiwa mzima ungeweza kutumika tena. Basi adhuhuri moja Edna alikaa kwenye stuli yake juu ya zege, uso umeelekea banda, akavaa visikilizio. Dilys akaivuta ile ncha iliyochanika, akashika njia kuelekea kwenye ua wa miiba. Ncha ile haikuwa imeungwa na kitu chochote. Visikilizio vya Dilys vilikuwa bado vinaning'inia shingoni.

Edna akasikia mtu anapumua.

Alidhani Dilys keshafika. Akageuka kumtazama. Dilys alikuwa bado katikati ya uwanja, kwenye kichaka cha miiba, anachuma matunda na kuyatia sketini, amempa mgongo.

"Edna?" ilisema sauti masikioni mwake. "Ni wewe, mke wangu? Mbona kimya hivyo?"

Alikuwa Clem. Sauti yake ileile, yenye mafua kidogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

Sijui wewe ungefanya nini. Edna alijibu. Alimuuliza yuko wapi, naye akasema yuko nyuma ya kamba, atakuwa wapi tena? Wamo ndani ya wingu. Mbele haoni ndege, anaiona kamba tu inavyoingia kwenye weupe. Alisema safari hii ndefu, mikono imeanza kufa ganzi. Akauliza kama wamekaribia.

"Bado," Edna alisema. "Shikilia."

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila adhuhuri, wenzake wakienda kula, Edna aliburuta stuli, akavaa, akaongea na mumewe. Kipande kile alikificha chini ya maturubai kisikatwe. Alikonda mpaka koti likampwaya, lakini macho yalikuwa yanang'aa, na usiniulize kama alikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa nayo. Alimweleza Clem habari za mama, za nyumba watakayopanga, za farasi wake aliyebaki Bolton. Clem alicheka mwanzoni. Siku zilivyokwenda alicheka kidogo kidogo, na baridi ikawa inasikika hata katika meno yake.

"Askari wameacha kuimba," alimwambia siku moja, kwa sauti ya chini, kama asiyetaka wamsikie. "Nikigeuka wananitazama tu. Wamelowa, Edna. Wote wamelowa."

Siku nyingine alisema rubani mwenzake ameinamisha kichwa, na yeye haoni vyema kumwamsha. Halafu akasema maji yamefika magotini, na yana chumvi. Kila alipomaliza aliuliza lile lile. Niachie? Na Edna, ambaye akilini aliiona bahari chini ya Clem kama anavyoiona sakafu, alijibu lile lile. Usiachie. Akiachia atazama, naye Edna atabaki na nini?

Mwisho alimwambia Dilys, maana siri ilikuwa inamla. Dilys hakucheka. Alivaa visikilizio kwa hisani ya urafiki, akasikiliza, kisha akavivua haraka na kuvitupa majanini. Hakusikia sauti ya Clem. Alisikia maji yanaingia mahali, polepole, na watu wengi wamekaa kimya ndani yake.

Dilys ndiye aliyemwita Tovey, na mimi namsifu kwa hilo, ingawa Edna alikaa siku nzima hamsemeshi. Tovey naye alisikiliza. Hakusikia lolote, akavirudisha taratibu mapajani mwa Edna, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi Hollins," alisema, "wa mbele hamkati wa nyuma. Tunamuaga tu, tunamwambia achia utakapo, salama. Yeye mwenyewe ndiye anayevuta mkono wa kuachia kamba, ndipo anashuka. Mimi sikuwahi kumuaga. Wingu lilikuwa limetumeza."

"Sasa unataka nimuue?"

"Yuko kwenye kamba, bibi. Mtu wa kwenye kamba hatui popote. Yeye hatui, na hao walio nyuma yake hawatui. Nao wana wake zao."

Edna alimtukana. Matusi ya Bolton, Dilys hakuniambia yote. Tovey aliyapokea, akasema kwamba yeye angemuaga mwenyewe lau angesikika, lakini Clem haonekani kumtaka yeye. Akaondoka. Maneno yake hayakuondoka. Usiku kucha Edna aliwaza wale askari wa nyuma, na wake zao, kila mmoja na barua yake ya hajulikani alipo. Yeye peke yake ndiye alikuwa amewashikilia wote.

Kesho yake, adhuhuri, jua lilikuwa kali na zege limekauka jeupe. Edna akamwomba Dilys aende akasimame kule kwenye ncha ya kamba, asimwache peke yake. Akakaa kwenye stuli, uso bandani. Akavaa.

"Clem."

"Nipo. Maji yamefika kifuani."

"Unaweza kuachia sasa."

Waya ulikoroma.

"Chini kuna nini?"

"Majani," Edna alisema. Alikuwa analia sasa, yale machozi ya majuma yote. "Ni uwanja wetu. Jua linawaka. Achia utakapo, mpenzi. Salama."

"Nikishuka nitakukuta?"

"Utanikuta. Siendi popote."

Akasikia chuma kikigonga chuma. Kamba ikashtuka mapajani mwake, ikalegea. Upepo. Upepo mrefu, mlaini, wa kitu kizito kinachoshuka bila haraka.

Kisha hakuna kitu.

Edna akafumba macho. Akabana visikilizio masikioni kwa viganja vyote viwili, akainama juu ya kipaza sauti. Clem? Alisikia baridi shingoni. Alidhani ni wingu limepita juani. Alisikia harufu ya sufu iliyolowa na chumvi, akadhani ni machozi yake. Clem, umefika? Alisubiri. Akaita tena. Alibana zaidi, asije akapitwa na neno hata moja, na aliendelea kuita hivyo mpaka Dilys alipomshika mkono.

Dilys alikuwa mweupe kama karatasi. Kule alikokuwa, alikuwa ameinamisha kichwa akimwombea, hakuona kitu. Alipoinua macho ndipo aliona, akaja mbio. Alimvua Edna visikilizio, akamgeuza taratibu kwa mabega.

Zege lilikuwa na nyayo. Nyayo za buti, mbichi, zimejaa maji juani. Zilianzia kwenye ncha ya kamba, watu wengi, wawili wawili kama askari watembeavyo. Zilikwenda mpaka langoni, zikatoka barabarani, zikatawanyika, kila jozi na njia yake.

Jozi moja haikuelekea langoni. Ilikuja kwenye stuli. Ilisimama nyuma kabisa ya mgongo wa Edna, ncha za buti zimegusa mguu wa stuli, maji yametuama pale kama ya mtu aliyesimama kwa muda. Hapo ndipo ilipoishia, hapakuwa na unyayo wa kwenda mbele wala wa kurudi.

"Aliniita?" Edna aliuliza. "Dilys, unadhani aliniita?"

Dilys akavitazama visikilizio mkononi mwake.

Nyayo za wengine zilikauka kabla ya chai ya alasiri. Hizi mbili hazikukauka. Walizimwagia mchanga, ukalowa. Vita ikaisha, kiwanja kikafungwa, stuli ikachukuliwa na mtu, na Edna alipanda basi kila adhuhuri ya Jumapili mpaka uzeeni, akakaa pale juu ya zege akizitazama, kichwa wazi, bila hata kitambaa cha kumziba masikio. Dilys alinipeleka mara moja, Edna akiwa keshazikwa. Niliinama, nikachovya kidole, nikakiweka ulimini. Ilikuwa chumvi.