Mke Wangu Alihamia kwenye Kompyuta ya Sostenes

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Elimu yangu yote niliipata jioni, baada ya kazi.

Sikuwa na kompyuta mpya. Sikuwa na miwani inayonitosha. Sikuwa na meno mawili ya mbele, kwa hiyo hata kucheka nacheka kwa adabu.

Lakini mke nilikuwa naye.

Sasa hebu fikiria, ndugu yangu unayesoma hapa... Umesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu. Unamtazama mke uliyeishi naye tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Naye anakutazama. Kisha anageuka, anapita katikati ya ukumbi taratibu, anaenda kusimama nyuma ya mpinzani wako.

"Hee, Mama Lusia naye kahama," mtu akasema, na watu wakaangua kicheko.

Naitwa Ngusa, naishi Kalangalala, Geita mjini. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Imran, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikipa kikundi chetu cha wazee kompyuta kumi alizoacha kuzitumia. Zilikuwa za zamani, hivyo fundi akaziwekea Linux. Huo ni mfumo wa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha.

Uzuri wa Linux ni kwamba sura ya kioo, yaani kila unachokiona ukishawasha kompyuta, unachagua mwenyewe. Sura zipo nyingi na kila moja ina jina lake. Mimi nilichagua Plasma. Sostenes, rafiki yangu, dereva mstaafu wa malori ya mgodini, akachagua XFCE.

Kikundi kikasema kompyuta zote ziwe na sura moja. Ambaye sura yake itashinda, huyo ndiye atakuwa mwalimu wa darasa la kompyuta.

Mwalimu... Maisha yangu yote nimeitwa mlinzi, baadaye fundi, sasa mzee. Nilitaka niitwe Mwalimu kabla sijafa. Hilo tu.

"Tutaamuaje?" Imran akauliza.

"Kama ngoma," Sostenes akajibu.

Wasukuma wenzangu mmeshaelewa. Kwetu makundi mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahamia wanakopendezwa. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Basi na sisi tukakubaliana: kompyuta moja mwisho huu wa ukumbi wa parokia, nyingine mwisho ule, watu watembee wenyewe.

"Tafuta dawa mapema," Sostenes akanitania.

"Dawa ya nini?"

"Ya kuvutia watu. Kwa uso huo watakukimbia."

Tulicheka pamoja. Niliona ni utani wetu wa kawaida.

Nikaingia kazini. Plasma inakubali kupangwa upendavyo, na mimi niliipanga nikaipangua. Nikafanya madirisha yapitishe mwanga kama kioo cha dukani. Ukiyavuta yanatikisika. Nikaweka saa yenye mshale wa sekunde, nikaweka hali ya hewa ya Geita. Ule mstari wa chini wenye vitufe nikauficha, utokee tu mshale wa mausi ukiugusa. Vijana wangesema ilikuwa kali kinoma.

Siku yenyewe ilipofika, watu wote walianzia kwangu. Nilisikia wanavyoguna kwa mshangao, nikajiona nimeshapewa chaki.

Kisha Mama Maganga, aliyetoka Buseresere kumtembelea mwanawe, akaketi akashika mausi.

"Vitu viko wapi?"

"Vimejificha, mama. Shusha mshale hadi chini kabisa, vitapanda."

"Vinajificha kwa nini, vinadaiwa?"

Watu wakacheka. Akashusha, vikapanda. Akasogeza kidogo, vikazama tena.

"Mama, toa mkono, nitakuonyesha."

Akatoa mkono. Akainuka. Akaenda upande wa pili.

Na nyuma yake, mke wangu.

Baada ya hapo walihama kama maji yaliyopata mfereji. Nilibaki na Imran peke yake, na yeye nadhani alibaki kwa kunionea huruma.

Nikaenda kuangalia hiyo ajabu ya Sostenes. Picha nne kubwa, basi. Kalamu, ya kuandika. Mama aliyebeba mtoto mgongoni, ya kuwapigia watoto walio mbali. Gunia, ya bei za mazao. Na ya kuzimia kompyuta, picha ya sufuria ya bluu iliyofunikwa, mfuniko wake umebonyea upande.

Nikaikodolea macho ile sufuria.

Ndugu zangu... ile sufuria ni yangu. Mfuniko ule niliukanyaga mimi mwenyewe. Upo jikoni kwangu!

"Sostenes," nikamwambia, "umeingia lini jikoni kwangu?"

"Kamuulize mkeo," akasema, akainamisha kichwa.

Nilitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Rafiki yangu. Mke wangu. Sufuria yangu.

Mke wangu, Scolastika, alinikuta nimeketi uani. Nikamuuliza kabla hajavua viatu.

"Sostenes aliingia hapa lini?"

"Hajawahi. Picha niliipiga mimi."

"Ukampelekea?"

"Nikaiweka mwenyewe. Zote nne niliziweka mimi. Ukimaliza kupika, unafunika. Nani asiyejua hilo?"

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwa Sostenes, mkewe Mariana akiwepo. Ukienda kwenye bao, mimi naenda kwao. Sostenes alinionyesha pa kubonyeza, kupanga nikapanga mimi."

"Nyumbani kuna kompyuta, Mama Lusia."

"Ipo. Nilipoigusa uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia atoe mkono.

"Mbona hukusimama kwa jina lako?"

"Nishindane na mume wangu mbele ya watu? Ungelala wapi siku hiyo?"

"Basi si ungebaki upande wangu..."

"Nilibaki. Mpaka ulipomwambia Mama Maganga atoe mkono. Hapo nikaona nimekaa vya kutosha."

Akaingia ndani kupika.

Nitawaambia ukweli: iliniuma, na bado inauma. Wamenizunguka watu wawili niliowaamini, wakanywa chai pamoja wakijua na mimi sijui. Mtu asiniambie kwamba huo si usaliti.

Lakini funzo nimelipata na ninawaachia. Ukipanga kitu kwa ajili ya watu, waache wakishike kabla hujajisifu. Na uanze na wa nyumbani kwako.

Kanuni za kikundi zinaruhusu pingamizi la maandishi, nalo hupelekwa kwa Imran. Kesho yake asubuhi nikaketi mezani, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya jioni:

"Ndugu Imran, napinga Sostenes kupewa darasa. Sura iliyoshinda si yake. Ni ya Scolastika, mke wangu, na Mwalimu ni yeye. Mimi naomba nafasi ya mwanafunzi, kiti cha mbele kwa sababu ya macho."

Scolastika akapita na ndoo. "Unamshtaki nani?"

"Utasikia."

Nikaikunja barua, nikaitia kwenye bahasha, nikalamba gundi, nikabana kwa kiganja hadi ikashika. Bodaboda alikuwa akipita barabarani. Nikampungia mkono, nikamkabidhi ampelekee Imran.