Mkanda Usiofuliwa

Soko la Singida mjini lilikuwa limefurika watu siku Naftali aliposimama mbele ya meza ya mitumba ya Magreth. Alikuwa fundi baiskeli, ovaroli limejaa grisi, lakini mikono aliisugua mpaka kucha zikang'aa, na bado gauni alilishika kwa gazeti. Magreth aliliona gazeti kabla ya gauni.

"Dada, nasikia unajua kufua nguo za zamani. Hili ni la marehemu mama, limeingia ukungu. Nitie dawa ya madoa?"

"Ukitia dawa utabaki na vifungo tu, kaka."

Naftali akacheka. Lilikuwa gauni la pamba lenye maua ya bluu, kola ya duara, na mkanda wa kitambaa hicho hicho.

Akamwachia gauni, na kwa wiki mbili simu kati yao hazikukatika.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Yupi, gauni au wewe?"

Nyumbani kwake, mtaa wa Mwankoko, Magreth alijifunga kitambaa puani, akaupangusa ukungu nje ya nyumba. Akajaribu tone la maji ya sabuni kwenye pindo la ndani, rangi haikutoka. Ndipo akaliloweka kwenye maji baridi na sabuni ya watoto, akalibonyeza taratibu. Hakulikamua. Alilikunja ndani ya taulo, kisha akalilaza mkekani kivulini, maana pamba ya zamani ikining'inizwa ikiwa na maji huchanika mabegani.

Naftali alipokuja kulichukua, alilinusa kwanza. Uso ukabadilika.

"Harufu iko wapi?"

"Ya ukungu? Imekwisha."

"Ya mama! Alikuwa mrina asali kule Rungwa. Moshi wa mizinga ulikuwa humu. Magreth, umemfua mama yangu!"

Akaondoka nalo kabla Magreth hajasema neno.

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Usikate, mpenzi. Hilo gauni lina mkanda?"

Magreth akasikia gauni likikunjuliwa. Kisha sauti ndogo: "Halina."

"Kabla ya kulitia majini nililinusa. Nikasikia harufu ya moshi na nta. Mkanda haukuwa na ukungu, sikuufua. Nimeufunga kwenye kitambaa safi, uko kwenye kopo."

Alifika kwa baiskeli, anahema, akasimama mlangoni.

"Fungua kopo wewe. Mikono yangu ina grisi."

Magreth akafungua, akausogeza mkanda puani kwa Naftali. Naftali akafumba macho, akaunusa.

"Nisamehe, Magi."

"Nilikusamehe tangu siku ya gazeti."

"Basi gauni livae wewe, siku tutakapofunga ndoa."

"Bila mkanda?"

"Mkanda ubaki na mama."

Mwezi wa nane, kanisani, Magreth alivaa maua yale ya bluu, kiunoni utepe mweupe. Shangazi mmoja aliyetoka Rungwa akanong'ona kuwa utepe haufanani na gauni. Naftali akasikia, akatabasamu, akaukaza kidogo utepe wa mke wake kwa mikono aliyoisugua tangu alfajiri.